Utepe Mwekundu Kwenye Mahindi ya Tantine

Dereva alisema "dakika kumi tu" akiwa amelala chini ya gari, miguu nje, na mimi nikajua mambo yameharibika. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi, pale Kamembe. Nyuma ya gari lilikuwa limefungwa kwa kamba tanki langu la nitrojeni, yale majimaji ya baridi kali yanayogandisha jani mara moja mpaka likavunjika kama biskuti. Nitrojeni haisubiri mtu. Hata ukiifunika vizuri inapotea hewani polepole, na hilo tanki lilipaswa kunifikia Alhamisi kutoka maabara ya Huye. Lilifika Ijumaa jioni, kwa sababu udongo ulikuwa umeporomoka na kuziba barabara katika msitu wa Nyungwe. Sasa, kila anayeishi Rwanda anajua Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja, na kuanzia saa mbili mpaka saa tano magari hayatembei. Tulikuwa tutoke alfajiri. Saa moja na nusu bado nilikuwa naangalia soli za viatu vya dereva.

Nilikuwa nakwenda Nzahaha, shambani kwa tantine, mdogo wake mama, aliyenilea. Humo mlikuwa na mimea michache niliyoitafuta tangu nianze kazi hii. Nikiikosa siku ile, nimeikosa. Wacha nieleze, maana watu wakisikia mimi ni mtafiti wa mimea wanadhani nafuga maua.

Mimea yangu mimi ni ile inayoishi kwa kunyonya mingine. Kuna gugu la ua la zambarau linalochomoza chini ya mahindi. Lina majina mengi, nami nitaliita kiduha kama Watanzania. Mbegu yake ni vumbi tupu. Inakaa ardhini miaka, siku ikihisi mzizi wa hindi uko karibu inaamka, inajichomeka ndani ya mzizi na kuanza kunywa. Hindi linadumaa, kiduha kinachanua. Ila kiduha si mwizi kamili, kwa kuwa kina majani ya kijani na bado kinajipikia kidogo kwa jua. Wapo wanyonyaji wengine walioacha kupika zamani sana. Mmoja yuko Nyungwe, upande wa Bweyeye, ua jekundu linalotoka ardhini bila jani hata moja, na kwa ajili yake nimetembea njia za Bweyeye mpaka kucha za miguu zikang'oka. Ukisoma jenomu yake, yaani urithi wote ulioandikwa ndani ya mmea, unakuta zana za kupikia jua hazimo tena. Mtu anayeletewa chakula na jirani kila siku, mwishowe anauza sufuria. Aliuza ipi kwanza? Ipi ilifuata? Kazi yangu yote imekuwa kuuliza hilo, na kila mara nimefika baada ya matanga.

Ndipo msimu huo tantine akanipigia simu. "Kuya uone," akasema. "Kiduha ya huku imevaa robe ya ndoa."

Gauni la harusi! Nilidhani ananitania, kwa kuwa yeye hunitania kila siku. Lakini nilipofika nilivikuta, viduha vyeupe kabisa, shina jeupe, majani meupe, vimesimama katikati ya wenzao wa kijani, na vimechanua. Mmea uliopoteza rangi ya kijani kwa kawaida unakufa ungali mdogo. Hivi vilikuwa hai na vinene. Viliacha kupika na havikufa njaa. Kwa mara ya kwanza nilikuwa namwona mtu anaipeleka sufuria sokoni, mchana kweupe. Nilikaa chini kwenye udongo nikalia, na sioni aibu kulisema.

"Unalilia majani?" tantine akauliza. "Kwa matanga ya mjomba wako hukulia hivi."

Shida ilikuwa kwamba nisingeweza kuking'oa kiduha na kukitia mfukoni. Nilihitaji kukigandisha kingali hai, kimeshikana na mzizi wa hindi, kwa sababu nilitaka kuona kinachotendeka pale pale kinaponyonya. Kikikatika kimekwisha. Kwa hiyo nililazimika kusubiri tanki, na wakati huo mtu asiguse shamba. Waliokuwa wananilipa walishaniambia waziwazi: lete sampuli nzuri msimu huu, au mradi tunafunga.

Na kumwomba tantine asiguse shamba lake haikuwa ombi dogo. Kila msimu anang'oa kiduha kabla hakijaiva. Vifuko vyake vya mbegu vikipasuka, vumbi linaanguka, na shamba limeharibika kwa miaka. Nilimwambia: nikishachukua yangu, tutang'oa vyote, mimi na wewe, kabla kifuko kimoja hakijapasuka.

"Unaapa?"

"Naapa."

"Uniangalie ku macho."

Nikamwangalia machoni. Akacheka, akawageukia majirani waliokuja kushangaa. "Munaona huyu? Kiduha moja nililelesha miye mwenyewe, mu nyumba yangu. Ilinikunywa, ilinikunywa, mpaka ikaenda Ulaya kusoma." Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, ingawa ilinichoma, maana ni kweli. Kule Bukavu, Kongo, kabla hatujarudi huku, alikaa sokoni na beseni la sambaza, mikono inanuka samaki mpaka Jumapili, na kila kalamu niliyoishika shuleni ilitoka kwenye lile beseni.

Kabla sijaondoka nilifunga utepe kwenye kila hindi lenye kiduha cheupe chini yake. Nilifunga kwenye hindi kwa sababu shina la kiduha ni jembamba. Nilichagua utepe mwekundu, ili uonekane.

Tulitoka Kamembe ikiwa imebaki kidogo sana kufika saa mbili. Dereva aliendesha kama mwizi. Hatukufika mbali. Kwenye mteremko mmoja askari alisimama katikati ya barabara, mkono juu, na nyuma yake kijiji kizima na majembe.

"Afande, nina dharura," nikamwambia.

"Dharura gani? Muko na mugonjwa ndani?"

"Hapana. Kuna mmea."

Akanitazama. "Mumea iko hospitali?"

Watu wakacheka. Mimi ni mtu wa hasira, sijifichi, na nilifungua mdomo kumjibu, lakini dereva alinikanyaga mguu. Tukaegesha gari kivulini, tukapewa majembe, tukawekwa kwenye mtaro wa maji. Nilichimba. Kila nikiinua kichwa nililiona gari, na nilijua ndani yake tanki linapumua moshi kidogo kidogo.

"Docteur," mama mmoja pembeni yangu akasema, maana dereva alishawaambia kazi yangu, "unachimba sawa vile udongo imekutukana."

Nikamwambia udongo haujanikosea kitu. Ndipo simu ikalia mfukoni.

Alikuwa mkuu wa umudugudu, yaani kijiji, kule kwa tantine. Mzee mwema sana, aliyekulia Uvira, anayependa kila mtu ashinde vizuri. Sauti yake ilijaa furaha.

"Docteur! Leo umuganda tumeuleta ku shamba ya tantine yako. Tuliona zile alama nyekundu. Pole sana! Lakini usiwaze, bantu beko bengi, tunaitoa yote sasa hivi. Utakuta imeisha."

"Hapana! Papa, musiguse! Papa, zile alama..."

Simu ikakatika. Nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Nikampigia tantine, imezimwa. Imezimwa kwa sababu tantine ni Muadventista, na Jumamosi ni Sabato. Alikuwa kanisani, kama Waadventista wote. Wao umuganda wanafanya Jumapili. Mtu pekee kijijini aliyejua maana ya ule utepe alikuwa ameketi kwenye benchi, Biblia mapajani, anaimba.

Nilisimama ndani ya mtaro na jembe mkononi, nikaona upumbavu wangu wote. Kwetu nyekundu haina maana mbili. Nyumba iliyojengwa mahali pabaya inapigwa alama nyekundu, na kila mtu anajua inabomolewa. Na ilipokuja kirabiranya, ule ugonjwa unaoozesha migomba, mgomba mgonjwa ulitiwa alama nyekundu, siku ya umuganda kijiji kikaja, kikaung'oa na mizizi yake, kikauzika. Mtoto wa darasa la kwanza angekwambia. Mimi nikachukua nyekundu nikaifunga kwenye kitu pekee nilichotaka kiachwe.

"Eh, Mungu wangu," nikasema kwa sauti, na yule mama akauliza nani amekufa.

Nilikwenda kwa askari mara ya pili. Sikuwa na hasira tena, nilikuwa naomba. Nilimwambia kuna watu wanang'oa kazi ya maisha yangu. Akasikitika kweli, nilimwona, lakini akasema: nikikuachia wewe, nitamwambia nini wa nyuma yako? Hakuwa na kosa. Nikarudi mtaroni. Naweza kusema sijawahi kuuchukia mtaro kama ule, na hadi leo maji yanapita humo vizuri.

Saa tano ilipofika dereva alikuwa ameshawasha gari. Tukaondoka. Nilikuwa nawaona watu wanarudi kutoka umuganda, makundi makundi, majembe begani, wanacheka, na kila kundi nililiona kama ndilo lililotoka kuniharibia. Tulipokata njia ya Nzahaha nikaanza kunusa hewa. Niliogopa harufu ya moshi. Kiduha kikichomwa hakuna la kuokoa.

Watu walikuwa wameketi pembeni ya shamba kwenye mkutano, ule unaofuata kazi. Mkuu wa umudugudu alinyanyuka na tabasamu, mikono miwili mbele, ameinyoosha kunipokea. Nami nikapiga kelele mbele ya kijiji kizima.

"Mmefanya nini? Nani aliwatuma? Nani?"

Tabasamu lilimtoka. Katikati ya mahindi kulikuwa na mashimo, pale pale nilipofunga utepe, na udongo mweusi umefukuliwa.

"Tulisaidia," akasema polepole. "Ilikuwa na alama."

"Alama ya kuacha! Ni mimi niliweka! Ilikuwa ya kuacha!"

"Sasa, docteur, ya kuacha unawekea nyekundu?"

Nikamuuliza wamepeleka wapi, wamechoma? Akasema hapana, kwa sauti ya mtu aliyeumia. Ugonjwa hauchomwi, unazikwa. Wamefanya kama walivyofundishwa wakati wa kirabiranya: wamechimba kwa mapana, wametoa mmea na mizizi na udongo wake, wamezika kwenye shimo lenye unyevu upande wa chini wa shamba.

Nilisikia maneno hayo kichwani kama mtu anayeamshwa. Na mizizi. Na udongo wake. Nikauliza shimo liko wapi, na kabla hajamaliza kuonyesha nilikuwa nimeshapiga magoti, nafukua kwa mikono. Dereva akaja mbio na tanki. Baadhi ya wazee wakasogea kunisaidia, nikawafokea wasitumie jembe, halafu nikaona aibu, nikasema tafadhali, kwa mikono tu, taratibu, kama mnafukua mtoto.

Hindi la kwanza lilitoka limevunjika, kiduha chake kimepondeka. La pili pia. Kisha tukavuta moja lililokuwa chini zaidi, na bonge lake la udongo zima, kubwa kama kichwa. Nililivunja kwa vidole, udongo ukadondoka, na ndani yake nikauona mzizi wa hindi, na juu ya mzizi kile kifundo ambapo mnyonyaji anaingia, na kutoka hapo shina jeupe, gumu, lenye maji, limeshikilia. Kilikuwa hai. Ua lake lilikuwa limejaa udongo lakini kilikuwa hai. Na kingine. Na kingine tena. Kwa mikono yangu, na kijembe changu kidogo cha maabara, nisingeweza kamwe kuvitoa vizima hivyo. Ningekuwa nimekata mzizi. Mimi nilipanga kuchimba kama mtafiti. Wao walichimba kama watu wanaofukuza ugonjwa.

Tulipofungua tanki moshi mweupe ulimwagika juu ya majani, na watu wakaruka nyuma wakiita Yezu. Bado ilikuwemo nitrojeni, kidogo, lakini ilitosha. Nikatumbukiza sampuli moja baada ya nyingine. Nikafunga kifuniko, nikakaa chini.

Mkuu wa umudugudu alikuwa amesimama mbali, kofia mkononi. Nikamfuata. "Papa, unisamehe. Mmeiokoa kazi yangu, na mimi nimewatukana."

"Asante ya punda ni mateke," akasema. Lakini mkono alinipa.

Dereva alikuwa ameshafunga tanki kwa kamba na anapiga honi. Tulitakiwa tuwe Huye kabla ya jioni, na nitrojeni iliyobaki ilikuwa ya kufikia tu, bila kupumzika njiani. Nilikuwa naelekea garini nilipomwona tantine anapanda njia kutoka kanisani, gauni lake jeupe, kitambaa kichwani, Biblia kwapani. Alikwishaambiwa.

"Yako imepona?" akaniuliza.

"Imepona, Tantine."

"Aksanti Mungu." Alisema kwa moyo wote, nilimsikia. Kisha akapita mbele yangu, akasimama penye mwanzo wa shamba lake, akaangalia. Mashimo yalikuwa mahali mahindi yalipokuwa. Na katikati ya yaliyobaki, kotekote, kiduha cha kijani kimesimama na maua yake ya zambarau, hakikuguswa hata kimoja, maana hakikuwa na utepe. Chini ya maua vifuko vilikuwa vimeanza kuwa kahawia.

"Na yangu?" akasema.

Hakunikumbusha kiapo. Leo ilikuwa Sabato, asingegusa jembe mpaka jua lizame, na kesho asubuhi, kwa mipango yangu, ningekuwa Huye. Jua lilikuwa kali baada ya mvua, ndilo jua linalopasua vifuko. Nilitamani anifokee. Angenifokea, ningekasirika, na nikikasirika ningeondoka.

Honi ikalia tena. Lazima niseme kwamba tanki langu simwachii mtu. Kuna mwaka nilimkabidhi mwenzangu sampuli za Bweyeye, akaliacha gari juani akala chakula cha mchana, na safari nzima ya msituni ikageuka uji. Tangu hapo nalala na tanki kama na mtoto mchanga. Niliangalia gari, nikaangalia vifuko.

Nikaenda kwa dereva. Nikamwambia usilifungue, usililaze, ukisimama simama kivulini, na usisimame.

"Na wewe?"

"Mimi nabaki."

"Na likimwagika?"

"Maji yakimwagika hayazoleki," nikamwambia. "Nenda, kabla sijabadilisha moyo."

Akaenda. Nilisikiliza gari mpaka mlio ulipopotea kilimani, kisha nikachukua gunia, nikaingia kwenye mstari wa kwanza. Kiduha kilichoiva hakivutwi tu ovyo. Unakiinamisha kwanza kwenye gunia, ndipo unang'oa, vumbi lianguke ndani. Mgongo ulianza kuuma kabla sijamaliza mistari miwili. Tantine aliketi ukingoni kwenye kigoda na gauni lake jeupe, akafungua Biblia, na baada ya kila aya aliinua macho.

"Hapo umeacha moja."

"Tantine, si ulisema leo hakuna kazi?"

"Kuonyesha haiko kazi. Pale, nyuma ya muguu yako. Hapana ile. Ile."

Alinionyesha alasiri nzima. Nilipokuwa nimepita nusu ya shamba simu ikatetemeka. Nilijifuta udongo kwenye sketi, na nikaogopa kuangalia. Dereva alikuwa ameandika: Tumefika. Moshi bado iko. Nikaisoma mara kadhaa. Nilitaka kupiga kelele, lakini nilirudisha simu mfukoni na kuinama tena, kwa sababu mbele yangu kulikuwa na kifuko kimeanza kufunguka.

Jua likashuka nyuma ya milima ya Kongo. Tantine aliliangalia mpaka kipande cha mwisho kikazama. Akafunga Biblia, akaifunga ndani ya kitambaa, akavua viatu vya kanisani, akafunga kitenge kikuukuu juu ya lile gauni jeupe, na akaingia kwenye mstari ulio kando ya wangu. Tukang'oa pamoja. Alikuwa mwepesi kuliko mimi, kama kawaida.

"Ile kiduha nililelesha miye," akasema bila kuinua kichwa.

"Ndiyo, Tantine."

"Naona leo imeota majani ya kijani."

Nilisimama tu pale na gunia mkononi kama mjinga.

"Ng'oa," akasema. "Giza inakuya."